Vikombe vya Davison

Davison sikumwamini tangu siku ya kwanza. Mtu mzima, soksi mpaka magotini, anadamka kwenda kutazama vikombe vitatu vinavyozunguka juu ya mlingoti, na serikali inamlipa. Nilimuuliza namba anazoandika zinakwenda wapi. Akasema anazituma Lusaka kwa redio ya boma, huko zinachanganywa na za Mansa na Kasama, ndipo watangaze upepo wa Ziwa Mweru utakuwaje kesho.

"Na usiku, wakati unalala, nani anaangalia?"

"Kisanduku, mayo," akasema, akiniita mama kwa Kibemba. "Kinahesabu mizunguko yote. Mimi nasoma tu."

Jibu la mwizi hilo. Sisi wauza samaki wa Kashikishi tulikuwa na letu: vikombe vile ndivyo vinavyouita upepo. Lisemwalo lipo. Tangu visimamishwe, mume wangu Nkulu alikuwa amepinduka mara mbili akienda kununua samaki Kilwa, kile kisiwa cha humu ziwani. Akipinduka mara ya tatu, nilijua singempata tena. Niliogopa mpaka nikakosa usingizi.

Basi Jumatano mchana, Davison akiwa kwake anakula ubwali, ugali wa kwao, niliruka ua wake wa waya. Nilipanda pipa la mafuta nikavifunga vikombe kwa uzi wa nailoni wa wavu, ule usioonekana hata ukiukaribia. Vikatulia. Nikarudi sokoni nimejaa furaha.

Alhamisi jioni redio ikasema kwa Kibemba kwamba Mweru itakuwa shwari. Nilicheka peke yangu. Uzi umefanya kazi.

Nkulu, ambaye hamwamini mtu ila redio, alisitasita safari hii. "Mama Colette, usiku wa jana nilisikia mupepo kwa bati. Weye unasema nini?"

"Enda," nikamwambia. "Mupepo nimeifunga."

Alidhani natania. Ijumaa alfajiri akaondoka, ziwa limelala kama uji uliopoa.

Saa nne upepo ukatushukia kwa nguvu. Meza za samaki zikaanguka, mchanga ukatuingia machoni. Mimi nikatoka mbio kwenda kwa Davison, hasira zimenijaa. Nilijua amekata uzi wangu, mshenzi yule.

Nilimkuta amesimama chini ya mlingoti, kofia ameishika kwa mkono. Kitenge changu kilikuwa kinanipiga miguuni. Miti ilikuwa imeinama. Vikombe havikutikisika hata kidogo.

"Tangu Jumatano kisanduku kinasema sifuri," alisema taratibu. "Nikawaambia Lusaka sifuri. Kumbe hakijalala kisanduku, mayo. Kuna kitu kimevikamata vikombe."

Akanitazama. Mimi nilikuwa nimekwisha kuinua macho pale pale nilipofunga fundo, na yeye akayafuata macho yangu.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

"Nani iko mu mayi?" akauliza, akiligeukia ziwa.

"Nkulu," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia aende."