Keki Iliyokataa Kusimama

Mpishi wa keki alikuwa ameolewa na mwalimu wa fizikia, na siku ya harusi ya binti yao mwalimu ndiye aliyeendesha gari. Keki ilikuwa ya ghorofa tatu. Walivilaza viti vya nyuma, wakaiweka juu ya kitambaa chenye unyevu ili isiteleze. Mpishi akaketi sakafuni, ameipa mgongo siti ya dereva, mikono imeikinga keki.

"Nenda polepole, baba watoto."

"Polepole si hoja," mwalimu alisema huku akiwasha gari. "Tukishika mwendo mmoja kwenye barabara iliyonyooka, keki haina habari, ni kama iko mezani. Kinachoiangusha ni kubadilisha mwendo. Breki, mafuta, kona."

"Basi usibadilishe."

Alijitahidi kweli. Taa nyekundu aliziona kwa mbali, akaliacha gari lipungue lenyewe. Kona alizikata taratibu, madereva wa nyuma wakimpigia honi na kumtolea maneno. Mpishi, aliyezoea kusomeshwa fizikia wakati wa chakula bila kuomba, alimwona mumewe leo anajua anachofanya. Moyo ukamtulia, akaondoa mkono mmoja ajifute jasho.

Hapo mama mmoja mwenye kigari cha mtoto akaingia barabarani bila kutazama.

Mwalimu hakufikiria keki hata kidogo. Alikanyaga breki mpaka mwisho. Gari likasimama. Ghorofa ya juu ikaendelea na safari, ikatua kifuani kwa mpishi.

"Mtoto mzima?" aliuliza mpishi.

"Mzima. Wamevuka. Na wewe?"

"Mimi nimepata keki."

Mwalimu akageuka, akamwona na krimu mpaka kidevuni. "Unaona, kitu kikishakuwa kwenye mwendo..."

"Naona, mume wangu. Kiko kwenye blauzi yangu."

Mpishi ndiye aliyeanza kucheka. Mwalimu naye akacheka, gari likamzimikia alipojaribu kuondoka.

Ukumbini mpishi alizipaka upya krimu ghorofa mbili zilizobaki, akaazima blauzi ya dada yake. Binti hakulalamika; alimfuta mama yake krimu kidevuni, akauliza kulikoni. Baba akaanza kueleza tangu mwanzo, habari ya mwendo na breki. Wageni wakamkimbia mmoja mmoja. Mkwe wake, bwana harusi, alibaki, kwa heshima au kwa kukosa pa kupita.