Swali la Tuneya

Tangu mumewe Buya achukuliwe na mamba, Tuneya hakukanyaga tena shamba lao la mpunga ng'ambo ya mto. Ni yeye aliyemtuma asubuhi ile avuke akafukuze ndege. Majirani walimwambia ni kadari. Lakini kama ni kadari, alijiuliza, mbona ulimi uliomtuma ulikuwa wangu?

Mwaka huo wa 1954, kila Alhamisi baada ya alasiri, wasomi wa Garsen walikutana kwa Mwalimu Mahadi kujadili mambo hayo hayo. Tuneya aliketi nje ya ua akijifanya anasuka ukili, masikio yote ndani. Maneno ya vitabu hakuyaelewa hata moja.

Siku moja Mwalimu alitoka kumwaga machicha ya kahawa, akamwona.

"Mama Tuneya, ukili huo mwezi mzima hauongezeki. Ingia."

"Sijui kusoma, Mwalimu."

"Wanaojua kusoma tuko saba, na ukurasa umetushinda. Ingia tu."

Swaleh, aliyesomea Lamu, akaguna. "Leo tunazungumza kasbi, Mwalimu, fungu la mja katika tendo alilokadiriwa na Mungu. Si mapishi."

"Vyema. Mweleze mama kasbi ni nini. Kwa vitu vya mto huu, bila kitabu."

"Kasbi ni... chukua mtumbwi..." Swaleh akakwama. Wenzake wakaangua kicheko. Naye akacheka, akainuka, akamwachia Tuneya mkeka wake, akaketi mchangani.

Tuneya akauliza swali lake. Hakuna aliyecheka.

Kisha Kuno, mfugaji wa Kiorma aliyekuja siku moja kuuza maziwa akakaribishwa vivyo hivyo, akasema, "Mama, mimi napeleka ng'ombe mtoni. Mamba nakamata ng'ombe moja. Kiu yake mimi najua. Mamba mimi hapana jua. Wewe natuma mzee kwa mpunga. Kwa mamba hapana tuma."

Mwalimu akafunga kitabu taratibu. "Hapo ndipo nilipokuwa nikipatafuta miaka yote. Hatujamaliza, lakini tumepata pa kuanzia."

"Rudia, Kuno," Swaleh akaomba, akiandika pembeni mwa ukurasa.

Tuneya akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Mungu awalipe, wanangu," akasema. "Mumenisikiliza."

Alhamisi iliyofuata alichelewa. Alikuwa amevuka mto, akafyeka nyasi shambani, akalisimamisha upya dungu ambalo Buya alikuwa akilitumia kufukuzia ndege. Alipofika kwa Mwalimu, miguu ingali na matope, darasa lilikuwa limeshaanza. Swaleh alikuwa mchangani. Mkeka wake ulikuwa umetandikwa, mtupu, unamngoja Tuneya.