Njema Kwanza

"Bra," alisema Tabu, na Mwaisha, aliyekuwa akikunja mashuka pembeni mwa wodi, akahisi neno hilo likimchoma kama tone la spiriti kwenye kidonda.

Lilikuwa neno dogo. Kwa Kiswidi maana yake ni "njema" tu, na yeyote angeweza kulitamka, hata mbuzi wa mtaa wa Chuno. Lakini Tabu alilitamka na midomo yake ikakaa mahali pake, na Sista Birgit, Mswidi aliyewafundisha, akatabasamu, na tabasamu lile, kwa hesabu za Mwaisha, lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

Ieleweke kwamba Mwaisha hakuwa na wivu. Alisema hivyo mwenyewe, mara kwa mara, kwa watu ambao hawakumwuliza. Alichokuwa nacho ni macho, na macho hayo yalikuwa yameona kwamba kwenye masomo ya jioni Tabu ndiye anayekaa karibu na Sista, na kwamba picha ya theluji ya kwao Sista alipewa Tabu. Walikuwa manesi wawili wa wodi ya wazazi wanaofundishwa Kiswidi, na mmoja wao angepelekwa kwao Sista, Uswidi, kusomea ukunga. Mwaisha alijifunza kama mtu anayetwanga. Alitaja viungo vya mwili, na damu pia, kwa Kiswidi akiwa kwenye foleni ya sukari dukani kwa Asgarali, mpaka Jenabai, mke wa Asgarali, akamwuliza kwa upole kama ameshikwa na homa.

Na lilikuwapo jambo moja yaliloliona macho yake ambalo hakumwambia mtu. Tabu alilelewa Mikindani, kwenye nyumba ya adabu. Huko ukiulizwa habari unajibu njema kwanza, hata kama paa limechukuliwa na upepo. Mwulizaji anauliza tena, na hapo ndipo unamweleza habari za paa. Adabu hiyo Tabu aliihamishia kwenye Kiswidi bila kuipunguza hata kidogo. Akiulizwa hali ya mgonjwa alijibu "bra", kisha akasubiri aulizwe tena. Sista haulizi tena. Kwao, bra ni bra. Mpaka siku hiyo haikumdhuru mtu, kwa kuwa baada ya kuzunguka wodi walikaa mezani na Tabu akamalizia yaliyobaki kwa Kiswahili. Mwaisha aliliacha jambo hilo kama lilivyo, kama mtu aliyeona gauni la mwenzake limechanika nyuma, akaamua kwenda naye sokoni hivyohivyo.

Lakini asubuhi hii ilikuwa ya mtihani. Wodi yote ingeelezwa kwa Kiswidi kitupu: Tabu, aliyetoka zamu ya usiku, angeanza, kisha Mwaisha. Kukaa mezani hakukuwapo, kwa maana gari la kumpeleka Sista kliniki ya Madimba lilikuwa likinguruma nje.

Wakafika kitanda cha Zainabu, mama wa kijiji cha Ziwani aliyejifungua alfajiri. Sista akauliza anaendeleaje.

"Bra," alisema Tabu, akasubiri.

Chini ya kitanda palikuwa na beseni, na ndani yake vitambaa vilivyolowa, vingi kuliko inavyostahili. Sista hakuliona. Alikwisha kusogea kitanda cha pili na kuuliza habari za huyo mwingine.

"Men," alianza Tabu, yaani "ila", na hapo Kiswidi chote cha damu kikamkimbia. Nje dereva akapiga honi.

Mwaisha alikuwa na neno hilo. Alikuwa nalo tangu foleni ya sukari. Pia aliona vizuri kabisa kwamba kiti cha ndege kimeachwa wazi, na kwamba kazi yake pekee ni kuendelea kukunja mashuka. Akakunja shuka moja. Lilikunjika vizuri kuliko mashuka yote aliyowahi kukunja. Kisha akamsikia Zainabu, midomo imempauka, akimwuliza mtoto aliyelala ubavuni mwake mbona leo baridi ni kali hivi.

Baridi, Mtwara.

"Inte bra," ilisema sauti, na Mwaisha akashangaa kwamba ni yake. "Hon blöder." Si njema. Anatoka damu.

Baada ya hapo hakuna aliyejali lugha. Sista alikanda tumbo la Zainabu kwa mikono miwili, Tabu akainua miguu ya kitanda juu ya matofali, Mwaisha akavuta dawa kwenye sindano. Gari la Madimba likazimwa. Damu ilipokata na Zainabu kuomba chai, Sista alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akamtazama Tabu.

"Kwa nini ulisema bra?" aliuliza, sasa kwa Kiswahili.

Tabu aliinama kulivuta beseni. Mwaisha alihitaji tu kumwachia Tabu swali hilo.

"Ndivyo tunavyoanza, Sista," alisema Mwaisha, kwa kinyongo cha mtu anayerudisha sufuria ya jirani. "Njema kwanza. Ukiuliza mara ya pili ndio unaambiwa. Hata mimi ningejibu hivyo, kama ningelelewa vizuri."

Sista alifikiri mpaka mwisho wa juma, kisha akatoa uamuzi. Tabu ataenda, maana huko watu watamfundisha kusema moja kwa moja. Mwaisha atabaki, maana wodi inahitaji mtu wa kumwambia Sista yale ambayo haambiwi. Zilikuwa sifa kubwa. Mwaisha angezibadilisha papo hapo na sweta la safari la Tabu.

Sweta lenyewe lilitoka kwa Asgarali, na Tabu alilivaa tangu nyumbani, akitiririka jasho mpaka uwanja wa ndege. Alimkumbatia Mwaisha kwa muda mrefu na kumwita dada. Mwaisha alilikagua sweta kwa nyuma. Halikuchanika popote.

Asubuhi iliyofuata alikuwa dirishani akisafisha vipimajoto, Sista Birgit alipoingia.

"Habari za leo, Mwaisha?"

"Njema, Sista."

Sista hakupita. Aliweka sinia la dawa chini, akasimama, akasubiri, kama mwanafunzi asiye na hakika na somo lake.

"Na habari nyingine?"

Mwaisha alichukua kipimajoto, akakitikisa mpaka zebaki ikashuka yote, akaendelea kukitikisa, huku akilitafuta neno la Kiswidi la wivu.