Mgongo kwa Mfalme

Katika milki ya Mfalme Kiboko, hakuna aliyethubutu kumpa mfalme mgongo. Shauri lako likiisha barazani, ulitoka kinyumenyume, macho kwenye kiti cha enzi, ukiinama kila baada ya hatua tatu mpaka mlangoni. Tena hukutoka kabla yeye hajainuka. Digidigi, karani wa baraza, alikuwa fundi wa mwendo huo. Miaka kumi na minne hakuwahi kujikwaa.

Asubuhi moja moshi ulipenya chini ya mlango wa jikoni. Digidigi aliunusa. Akamtazama Punda, Punda akamtazama Ngiri, na kwa kuwa hakuna aliyesimama, kila mmoja akaamini mwenzake hana wasiwasi.

Binti yake Digidigi alikuwa ghorofa ya juu akishona mapazia. Sauti yake ikashuka ngazini. "Mama! Huku kumejaa moshi. Nishuke?"

Waziri Nguchiro akakunja uso. "Karani, mwanao anapiga kelele barazani?"

"Samahani, Mheshimiwa." Digidigi akageukia ngazi. "Kaa hukohuko, mwanangu. Wakubwa bado wameketi."

"Huo ni ubani tu," akasema Waziri, huku akikohoa. "Tuendelee."

Wakaendelea. Dari lilipoanza kuanguka, Mfalme alikuwa keshatoka kwa mlango wake wa nyuma, wala hakuaga. Hapo ndipo wakuu walipoinuka na, msicheke, wakaanza kurudi kinyumenyume, wakikanyagana, wakikiinamia kiti kitupu. Wengi waliishia humo. Digidigi alifika nje mzima. Hakujikwaa.

Binti hakushuka. Alikuwa mtoto msikivu.

Jumba lilipojengwa upya, Mfalme aliwasifu marehemu kwa adabu yao, kisha akamwita Digidigi avikwe nishani.

"Mwanao alikuwa na nidhamu," alisema. "Una neno?"

Kwa miezi mitano Digidigi alikuwa hajalia. Chakula alikila bila kujua ni chakula gani.

"Sina, Mtukufu."

Mfalme akainuka, baraza likaisha. Digidigi alitamani jambo moja tu duniani: ageuke, ampe mgongo, aende zake. Alilitamani kwa moyo wake wote. Lakini miguu ilikuwa imeshaanza. Hatua moja, mbili, tatu; akainama.