Cherehani ya Faradji

Kadiri hakuwa na bendi wala bwana, na mambo hayo mawili aliyajivunia kuliko hata sauti yake. Asubuhi alichora vibao vya maduka ya Gisenyi, mji wa kando ya ziwa. Mchana aliketi barazani na gitaa lake, kando ya shemeji yake Faradji, fundi wa nguo, akawa anatunga nyimbo huku mwenzake anashona. Brashi, chai ya tangawizi ya Saidati, mke wa Kadiri, gitaa, mlio wa cherehani: miaka tisa hivyo hivyo. Ukimuuliza, angekwambia amechoka mpaka kwenye mifupa. Binadamu ndivyo tulivyo, neema ikija kila siku tunaiita mzigo.

Mwaka wa 1955 akaja Mzungu mmoja na mashine ya kunasa sauti. Angekaa siku moja tu katika hoteli ya ufukweni, asikilize waimbaji, na atakayempendeza angetiwa kwenye santuri. Kadiri alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alijua bahati ya namna hiyo haipigi hodi mara mbili.

Faradji akamshonea koti, wala hakuombwa. Siku ya kulijaribu, baraza limejaa wateja, akasema:

"Kesho mi nitakuja na mashini yangu, shemeji. Nitaiweka karibu na we. Imezoea nyimbo zako."

Wateja wakacheka. Kadiri akawaza jinsi watu wa hoteli watakavyomcheka, yeye na cherehani yake, na aibu ikamtangulia.

"Hapana, Faradji. Ile makelele yako ndiyo inaharibu nyimbo zangu, miaka hii yote."

Faradji akakata uzi kwa meno. Kisha akasema koti limemkaa vizuri.

Hotelini, chumba kilikuwa kimefungwa madirisha na kuning'inizwa mablanketi ukutani, hata ziwa halikusikika. Mzungu akainua kidole. Kadiri akaanza wimbo wake anaoupenda kuliko zote, ule ambao hata wauza samaki waliujua, na mstari wa pili haujaisha akawa anauimba mbio mbio. Akajizuia, akawa anauburura. Mguu wake ulikuwa unatafuta kitu sakafuni. Kule barazani alivuta pumzi pale Faradji aliposimamisha cherehani ageuze nguo. Humu hakujua apumue wapi. Akarudia. Akarudia tena. Mara ya tatu Mzungu akamshukuru kwa adabu, akamwita mwingine.

Wanasema majuto ni mjukuu. Kwa Kadiri huyo mjukuu alizaliwa hapo hapo, babu hata koti hajavua. Alirudi kando ya ziwa akijiona mtu aliyekwisha. Miaka tisa alijisifu kwamba hamtegemei mtu, kumbe kila wimbo ulikuwa umesimama juu ya miguu ya Faradji. Jambo moja tu lilimpa nguvu za kutembea: baraza lilikuwa bado lipo. Santuri iende zake. Atapata chai yake, atapata mlio wake, na kesho, na kesho kutwa.

Alimkuta Faradji anashona suruali ya mtu, miguu inakwenda. Mlio ule ulimwingia kifuani, nusura alie. Akaketi mahali pake, akachukua gitaa.

Mlio ukakatika. Faradji alikuwa ameweka mikono magotini, anangoja.

"Imba, shemeji," akasema kwa upole. "Sitakuharibia tena."

Hapakuwa na kejeli ndani yake, na hilo ndilo lililomuua Kadiri. Akamweleza yote: chumba, mablanketi, mguu wake uliotafuta. Akamwomba msamaha mbele ya Saidati, na Kadiri hakuwahi kumwomba mtu msamaha. Akamsihi ashone tu, ashone kama siku zote.

"Bon, sawa," akasema Faradji. "Kama we unataka."

Miguu ikaanza. Kadiri akafumba macho, akapiga, akaimba. Mlio ulikuja sawasawa, laini, bila kusita, unaifuata sauti yake kila inakokwenda. Akangoja ile nafasi ya kuvuta pumzi. Haikuja. Akafumbua macho.

Faradji alikuwa anamtazama mdomo, anakanyaga kwa bidii, anatabasamu ili ampendeze. Suruali ilikuwa imekunjwa pembeni. Chini ya sindano hapakuwa na nguo.