Siku Sofie Alipogeuza Msafara

Felisia alizaliwa Makete, ambako mwezi wa saba majani huamka meupe kwa sakitu, na watoto huenda shule wakitoa moshi mdomoni. Kwa hiyo alipofika Brussels kusoma shahada ya uzamili, hakutaka mtu amfundishe habari za baridi. Watanzania wenzake walipokuwa wakijikunyata kwenye vituo vya tramu na kulaani Januari, yeye alicheka. "Mimi na baridi tumenyonya ziwa moja," alisema.

Ndiyo maana Sofie alipomwalika, hakufikiri mara mbili. Sofie alikuwa jirani yake wa ghorofa ya chini pale Etterbeek, Mbelgiji mrefu, mpole, dereva wa tramu. Likizo ambayo wenzake waliipeleka kwenye jua la Hispania, yeye aliipeleka Sweden, kwenye pori la misitu na maziwa, akalala hemani juu ya theluji na kurudi uso umembabuka, macho yakimetameta. Safari hii alitaka kwenda na marafiki.

Wa tatu alikuwa Mwadi, mzaliwa wa Bukavu, mwenye saluni mtaa wa Saint-Josse, ambaye ndiye aliyekuwa akimsuka Felisia. Mwadi aliogopa baridi, mbwa mwitu na vyoo vya porini, lakini alikuja. "Bon, mukienda kufa kule," alimwambia Felisia wakiwa stesheni ya Gare du Midi, amevaa makoti mawili, "ni nani atapelekea bamama zenu habari?"

Wakasafiri kwa treni hadi viuno vikafa ganzi, kisha basi, kisha miguu. Sofie aliwafungia chini ya buti vile viatu vya theluji, vipana kama nyungo, vinavyomzuia mtu asizame. Mwanzoni walitembea kama bata. Mwadi alianguka, akaamka, akaanguka tena, akawa anacheka kwa sauti inayopasua msitu. Sofie alitangulia akivuta sleji yenye hema na chakula, akikanyaga njia kwa ajili yao, na Felisia akamtazama mgongoni akastaajabu: mwanamke huyu, ambaye mjini ungempita bila kumwona, hapa alitembea kana kwamba miti inamsogelea kumsalimu.

Siku ya pili wakafika ziwani. Lilikuwa limelala jeupe, pana, kimya, na ng'ambo yake, kando ya misonobari, palikuwa na banda la magogo la wapita njia. Walikusudia kulala humo. Wakaanza kuvuka, Sofie mbele na fimbo ndefu ya chuma, akigonga barafu kila baada ya hatua chache na kusikiliza kama ni nene. Ngo. Ngo. Felisia alikuwa na furaha isiyo na kifani. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama, na banda lilizidi kukua mbele yao hadi akaweza kuhesabu magogo yake.

Karibu na mahali kijito kinapoingilia ziwani, mlio wa fimbo ukabadilika. Sofie akasimama. Akagonga kulia, akagonga kushoto. Akageuka.

"Tunarudi," alisema kwa Kifaransa, lugha waliyoielewa wote watatu.

"Tunarudi wapi?" Felisia aliuliza. "Banda si lile pale? Naliona!"

"Hata mimi naliona."

"Sofie, tumetembea tangu asubuhi! Tukipita haraka haraka..."

"Hapana." Hakupandisha sauti. "Tutalala kwenye miti tulikotoka."

Felisia alihisi hasira ikimpanda kifuani. Alikuwa anafungua mdomo kubisha aliposikia ukelele. Mwadi alikuwa amesogea pembeni kupiga picha, na mguu wake ulikuwa umezama hadi katikati ya muundi.

"Mama yangu weee! Maji! Kuko maji humu!"

Juu ya barafu, chini ya theluji, palikuwa na maji yaliyojificha. Felisia aliruka kumwendea.

"Simama hapo hapo!" Sofie alimwamuru. Naye hakukimbia. Alisogea polepole, akanyoosha ile fimbo. "Mwadi, nitazame mimi. Usihangaike. Shika kwa mikono miwili. Haya, njoo."

Mguu ukatoka, na kabla hawajarudi ukingoni buti lilikuwa limeganda kama gogo. Sofie akamkalisha Mwadi kwenye sleji chini ya miti, akamvua buti na soksi. Vidole vilikuwa vimepauka, rangi ya majivu. Mwadi akavitazama kama vidole vya mtu mwingine.

Hapo Sofie akafanya jambo ambalo Felisia hatalisahau. Alipiga magoti kwenye theluji, akafungua zipu ya koti, akapandisha sweta na fulana, akauchukua mguu ule mtupu, wenye barafu, akauweka kwenye tumbo lake na kuufunika. Uso wake ulikunjamana mara moja, kisha ukatulia.

"Felisia," alisema, "hema na moto. Unaweza."

Felisia akaweza. Alikanyagakanyaga theluji kwa vile viatu vipana mpaka ikawa ngumu kama sakafu, akasimamisha hema, akavunja matawi makavu ya chini ya misonobari kama alivyoonyeshwa jana yake. Hasira ilikuwa imekwisha, hata hakujua ilikwenda wapi. Kila alipogeuka aliwaona wale wawili vilevile, mmoja amepiga magoti, mwingine amemshika bega.

"Sofie, hili tumbo lako litaganda," Mwadi alisema, meno yakigongana.

"Tumbo langu limekula chipsi za Brussels miaka mingi. Lina akiba."

Baada ya muda Mwadi akaanza kulia. "Aïe! Inaniuma! Inachoma, Felisia, inachoma kama moto!"

"Vizuri!" Sofie akapiga kelele kwa furaha. "Ukiuma, uko hai!"

Jioni wakala supu ya dengu wakiuzunguka moto, mguu wa Mwadi ukiwa ndani ya soksi za sufu za Sofie. Felisia aliomba radhi kwa maneno machache, akiyatazama makaa.

"Hujanikosea," Sofie alisema. "Kila nikija nalitamani lile banda. Mara nyingi zaidi nimegeuka kuliko nilivyofika." Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, bila aibu wala majivuno.

Asubuhi aliukagua mguu kidole kwa kidole, akaridhika, wakashika njia ndefu ya kuzunguka ziwa kwa nchi kavu. Theluji ilikuwa hadi mapajani. Felisia akaomba atangulie yeye, akaikanyaga mpaka jasho likamlowesha, halafu Mwadi akampokea, akiimba nyimbo za kanisani kwao Bukavu kwa sauti iliyoangusha theluji matawini.

Walifika bandani jua likiwa bado juu. Kutoka pale kizingitini Felisia alitazama ziwani. Nyayo zao za jana zilionekana wazi, zikija, zikija, kisha zikageuka. Mbele kidogo ya pale zilipogeukia, kwenye mstari ulionyooka wa kuja bandani, theluji ilikuwa imeloa na kuwa nyeusi, na katikati ya weusi ule maji yalikuwa yakicheza wazi.

Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akazunguka nyuma, ambako Sofie alikuwa akikata kuni, akaushika msumeno.

"Lete, dada," alisema kwa Kiswahili, na Sofie, ambaye hakukijua, akaelewa, akauachia.