Tambi Haziliwi Msibani

Mama Kamnoi alikuwa mkali. Kwa miaka arobaini na tano aliuza tambi za mchele kwa mchuzi wa mbavu karibu na kituo cha treni cha Lampang, na mteja aliyethubutu kuomba wali badala ya tambi alionyeshwa mlango, awe mkubwa wa mji au mtalii. Watu walimwogopa, na kesho yake walirudi kula. Sasa alikuwa ndani ya jeneza uani kwa mdogo wake, nyuma ya hekalu, na bintiye wa pekee, Buatip, alikuwa na ahadi iliyomkaa kooni.

Wiki moja kabla ya kufa, mama alitwanga viungo vyake vya mwisho akiwa ameketi kitandani, kinu katikati ya mapaja, akitweta.

"Siku ya kunichoma, watu wale mchuzi wa mkono wangu," alisema. "Nikisikia mmewalisha chakula cha kukodi, nitarudi nikuzabe kofi."

Buatip alicheka, akaahidi. Alijua fika kwamba tambi haziliwi msibani. Nyuzi zile ndefu huunganisha kifo na kifo, na watu wa ukoo wanaweza kufa mmoja baada ya mwingine. Lakini nani ana moyo wa kubishana na mama anayekufa?

Mama mdogo Saengla alibishana, alipomkuta Buatip ameinjika chungu dukani asubuhi ya mazishi.

"Mkwe wangu ana mimba ya miezi saba," alisema. "Unataka tubebe majeneza mangapi mwaka huu?"

"Nilimwahidi, mama mdogo."

"Basi mwombe radhi. Hicho kitu hakikanyagi uani kwangu."

Buatip akakiacha chungu jikoni, akaenda msibani. Mchana alirudi dukani kuchukua viti vya kuongezea, akakuta chungu bado kimejaa, maua makavu ya msufi ya kuungia mchuzi yakielea juu ya mafuta mekundu. Alikuwa hajalia tangu kifo kitokee. Hapo ndipo alipolia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

"Mmefungua?"

Mwanamke wa makamo alisimama mlangoni, mkoba begani. Nje gari la kukodi lilikuwa likimsubiri. Buatip alipaswa kusema hapana. Badala yake alijifuta macho, akavaa aproni juu ya blauzi yake nyeusi, akamkaribisha.

"Mama yuko wapi?" mgeni aliuliza akiketi. "Mimi ni Ratchani, wa Bangkok. Mwaka mmoja alinifukuza kwa kuomba wali, kesho yake nikarudi nikala tambi. Nimezunguka kaskazini yote nikila, sijapata mchuzi kama wake."

"Amelala," alisema Buatip, akamwekea bakuli la tambi na mchuzi.

Ratchani alionja vijiko viwili, akafumba macho. "Ni uleule. Akiamka, mwambie yule mwenye wali amerudi. Amelala tangu saa ngapi?"

"Tangu juzi."

Maneno yalimponyoka. Ratchani aliweka kijiko chini, akaitazama ile blauzi nyeusi chini ya aproni, na uso wake ukabadilika.

"Mwanangu, ungeniambia. Nina mume hospitalini, nami nakula tambi za msiba."

"Nisamehe. Nilitaka angalau mtu mmoja ale. Kwetu wamekataa kwa sababu ya tambi."

Aliona aibu kubwa, akanyoosha mkono kuliondoa bakuli. Mgeni akalizuia. Kwa uma alizitoa tambi zote, akaziweka kando kwenye sahani, hata zile fupi zilizojificha chini ya mbavu.

"Una wali?" aliuliza kwa upole.

Buatip alimletea kikapu cha wali wa kunata, akabaki amesimama. Ratchani alifinyanga tonge, akachovya, akala mpaka bakuli likakauka. Kule uani kulikuwa na watu sitini na vikapu vya wali mbele yao. Hakuna aliyefikiria kuula mchuzi kwa wali, wala Saengla, wala yeye mwenyewe aliyezaliwa ndani ya duka hili, kwa kuwa mama aliwafundisha wote kwamba mchuzi ule na wali havijuani. Alijiona mjinga kupindukia.

"Saa ngapi wanamtoa?" Ratchani aliuliza.

"Sasa hivi."

"Basi shika chungu upande huo."

Gari la kukodi liliwafikisha wakati watawa wanamaliza kusoma na wanaume wamekwishazunguka jeneza. Saengla aliwazuia langoni, mikono kiunoni.

"Nilisema nini mimi?"

"Hakuna hata uzi mmoja wa tambi, mama mdogo. Angalia. Wataula kwa wali."

Saengla alichungulia ndani ya chungu. "Dada angetutimua sote," alisema.

"Angetutimua."

Mama mdogo alimega wali, akachovya, akatafuna. Alitafuna muda mrefu kuliko tonge lilivyohitaji. Kisha aliwageukia wale wanaume waliokwishainama kushika jeneza.

"Mwacheni kwanza," alisema. "Watu wale."

Walikula wote, hata mkwe mwenye mimba, na chungu kilichokuwa kikilisha duka siku nzima kiliisha kabla moshi wa ubani haujapungua. Saengla alifuta ukingo wa ndani kwa tonge la mwisho. Alilishika kidogo, akampa Buatip.

"Kula wewe," alisema. "Hatutauonja tena mkono wake."

Buatip alilipokea. Wanaume walikuwa wanasubiri, kwa hiyo alilila upesi.